Mtoto Akitenda Ukatili, Wazazi Tujiulize Nini?



Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2017, bweni la Shule ya Wasichana ya Moi, Nairobi, lilishika moto. Wasichana 10 walipoteza maisha, hapo hapo jirani na Kibera. Aliyeshtakiwa alikuwa mwanafunzi mwenzao wa miaka 14. Baadaye Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa kosa la kuua bila kukusudia. Kesini ilielezwa kwamba hakutaka tena kusoma shule hiyo.

Habari kama hizi zikitufikia, majibu ni yale yale. Mmoja husema, "Amezaliwa hivyo." Mwingine, "Ni umaskini wa mitaa yetu." Wa tatu, "Ni pepo." Majibu hayo matatu yanamwachia mzazi aendelee na chai yake, kana kwamba malezi hayamo.

Tuyapime. Kama mtoto huzaliwa mkatili, basi malezi hayana kazi. Kama ni umaskini, mbona Kibera na Kawangware kuna maelfu ya watoto wanaolala na njaa na hawajamjeruhi mtu? Hata viboko peke yake havitoshi kuwa jibu. Utafiti wa taifa wa 2019 ulionyesha kwamba karibu nusu ya vijana wa kike, na zaidi ya nusu ya wale wa kiume, walitendewa ukatili utotoni. Wengi wao hawakuua.

Mara nyingi mambo matatu hukutana. Mtoto ana uchungu moyoni. Amejifunza kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Na hana mtu wa kumwambia. Uchungu hatuwezi kuuzuia wote. Hayo mawili mengine yako mikononi mwetu.

Wengi wetu tunaishi chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, kimegawanywa kwa pazia. Baba na mama wakigombana usiku husema, "Watoto wamelala." Hawajalala. Wanasikiliza nani atashinda, na atashinda kwa njia gani. Ikiwa kila mara anayeshinda ni mwenye sauti kubwa au mwenye mkono mzito, hilo ndilo somo la kwanza, nalo limefundishwa na ndoa yenyewe.

Kumbukeni Shule ya Mtakatifu Kizito, Meru, Julai 1991. Wavulana walitaka mgomo, wasichana wakakataa kujiunga. Wavulana wakavamia bweni usiku. Wasichana 19 walikufa na 71 wakabakwa. Dharau ya namna hiyo kwa msichana aliyesema "hapana" haizaliwi usiku mmoja. Kijana hujifunza thamani ya mwanamke kwa kuona jinsi baba anavyompokea mama anaposema hapana.

Je, kuelewa haya ni kumpa mkosaji udhuru? La. Daktari anayeuliza ugonjwa umetoka wapi hausifu ugonjwa. Waliokufa wana wazazi wanaolia mpaka leo, na dhambi inabaki dhambi. Sheria ya Watoto ya 2022 inasema mtoto chini ya miaka 12 hawajibiki kwa jinai. Aliyevuka umri huo anaweza kujibu mahakamani. Tena, Mungu amempa kila mtu hiari. Wako wazazi waliojitahidi kwa kila njia, na bado mtoto akapotea. Tusiwarushie mawe; tuwatembelee kama jumuiya.

Basi tufanye nini?

Kwanza, mkikosana mbele ya watoto, pataneni mbele yao. Baba akimwambia mama "nisamehe" watoto wakisikia, amewafundisha kwamba ugomvi una mlango wa kutokea pasipo damu.

Pili, msiadhibu kwa hasira. Tunapenda methali ya samaki kukunjwa angali mbichi. Methali inasema mkunje, haisemi mvunje. Mtakatifu Paulo aliwaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao, wasije wakakata tamaa. Mtoto aliyekata tamaa haogopi tena kiboko.

Tatu, msicheke maneno ya kutisha. Mtoto akisema "nihamisheni", "nitachoma" au "heri nife", keti naye siku hiyo hiyo. Muulize taratibu, nenda kwa mwalimu, tafuta mshauri au padre. Simu ya bure ya watoto ni 116. Hayati Papa Fransisko, katika wosia wake wa 2016, Amoris Laetitia, aliwakumbusha wazazi kwamba kujua mtoto yuko wapi kimwili hakutoshi. Wajue moyo wake uko wapi. Tunajua sana kuuliza, "Ulikuwa wapi?" Tujifunze pia kuuliza, "Unaumia wapi?"

Maswali ya kuzungumza nyumbani, mume na mke:

1. Ugomvi wetu wa mwisho, watoto waliusikia? Je, walisikia pia tukipatana?

2. Kila mtoto wetu akiwa na shida nzito, angemwambia nani? Kama hatujui, tuanze na huyo leo jioni.