Mama, ng'onda na vidonge vya presha

Marehemu mama yangu alinunua vidonge vya presha kwa miaka 11 katika duka moja la dawa, hatua chache kutoka kwetu Kuze, Mombasa. Vijana wa pale walimjua. Walimuuliza hali za wajukuu, wakamhesabia vidonge bila kukosea. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza anakula nini. Mama naye hakupitisha siku bila kipande cha ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, na achari ya ndimu. Presha ilipopanda, dawa iliongezwa. Ng'onda ilibaki pale pale sahanini.

Niliwalaumu sana vijana wale. Siku hizi mimi mwenyewe nafundisha wanafunzi wa famasia, na lawama hiyo nimeigeuzia kwetu sisi walimu. Miligramu tuliwafundisha. Chungu cha mgonjwa hatukuwafundisha.

Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Nikiandika ubaoni, wote wanakili. Nikiwauliza wao wamekula nini tangu asubuhi, darasa lanyamaza. Kisha majibu yaja: mahamri, viazi karai, kola ya nusu lita. Siku moja tuliisoma lebo ya chupa hiyo pamoja, tukapata sukari zaidi ya gramu 50. Wapo wanaokesha na muguka majira ya mitihani. Nawaonea huruma, kwani wengi wamepanga chumba mbali na kwao na chakula chao ni cha barabarani. Lakini ni hao hao watakaomwambia mzee wa sukari abadilishe mlo, na mzee atawatazama usoni.

Mwaka 2002 yalitoka Marekani matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Waliopewa metformin, dawa iliyojaa kwenye rafu zetu, hatari yao ya kuugua ilipungua kwa asilimia 31. Waliosaidiwa kupunguza uzito na kufanya mazoezi kama kutembea, angalau dakika 150 kwa wiki, ilipungua kwa asilimia 58. Huwa nairudia namba hii mpaka wanaishika. Sisemi mgonjwa atupe vidonge. Mama alivihitaji, na aliyekwisha kuugua avimeze kama alivyoagizwa. Nasema mwuza dawa aijue na dawa hii nyengine, tena aijue kwa miguu yake.

Kwa hivyo kila Alhamisi baada ya Alasiri twatoka Kuze, twashika Ndia Kuu, twapita Ngomeni hadi Mama Ngina, mwendo wa kutoa jasho. Njiani mmoja huwa mnunuzi, mwengine mwuzaji. Mwanzo walikuwa wakihubiri: punguza chumvi, acha sukari. Sasa wamejifunza kuuliza kwanza. "Mama, kitoweo cha leo ni nini?" Mama akijibu ng'onda, mwuzaji hamwambii aitupe. Amwambia airoweke, amwage maji, na mchuzi asiutie chumvi tena. Maneno hayo hayachukui hata dakika mbili.

Ninyi mnaopanga ratiba za vyuo vya famasia hapa Mombasa, nawaomba saa moja tu kwa wiki, kuanzia muhula wa kwanza, mwanafunzi ajifunze kula, kutembea na kulala kabla hatujamvisha koti jeupe.