Wanangu wa Mudende, Utunzeni Mtandao wa Nyumbani

Wanangu, mwaka 1984 Chuo Kikuu cha Waadventista cha Afrika ya Kati kilifungua milango yake hapa hapa Mudende, na vijana wakapanda mlima kuja kusoma chini ya volkeno ya Karisimbi. Chuo kilihamia Kigali, lakini masomo yamerudi kwa njia nyingine. Leo binti aliyeketi sebuleni kwao aweza kufuata mhadhara wa Kigali au wa Nairobi, baba yake akaomba cheti kwa Irembo, tovuti ya huduma za serikali, na mama yake akapokea malipo ya maziwa kwa simu. Mambo mazito kiasi hicho sasa yanapitia kisanduku kimoja kidogo, ruta, kilichowekwa juu ya kabati. Nawaomba mkitunze. Bando kubwa haliwezi kufidia uzembe wa mwenye nyumba, na mwenye pesa kidogo akiwa mwangalifu atapata mtandao ulio imara kuliko wa tajiri asiyejali.

Pimeni kabla ya kununua. Milima yetu huficha minara, na nyumba mbili za kijiji kimoja zaweza kupata mawimbi yasiyolingana hata kidogo. Chukueni simu yenye laini ya kampuni mnayoifikiria, pimeni kasi kwenye kila dirisha, kisha rudieni saa mbili usiku watu wote wakiwa mtandaoni. Kipimo cha saa nne asubuhi hudanganya. Mahali faiba ilipofika, chagueni faiba. Isipofika, ruta ya 4G inatosha nyumba nyingi. Na kwa aliye bondeni ambako mnara hausikiki, setilaiti ipo: Starlink ilianza kazi Rwanda mwezi Februari 2023. Hesabuni tu kwamba sahani yake hula umeme mara kadhaa zaidi ya ruta ya kawaida.

Baada ya kununua, fikirini pa kuiweka ruta. Mabati hurudisha mawimbi nyuma, na ukuta mnene wa mawe ya volkeno huyadhoofisha. Ruta ya 4G ina kazi mbili zinazovutana: inausikiliza mnara ulio nje, na papo hapo inavihudumia vyumba vya ndani. Ikikaa katikati ya nyumba, mnara unafifia. Ikikaa dirishani, chumba cha nyuma kinakosa. Msiigombanie. Iwekeni juu, upande ule inapousikia mnara vizuri, mbali na mabati na televisheni, kisha vuteni kebo hadi kisanduku cha pili cha kusambaza Wi-Fi katikati ya nyumba. Jueni pia kwamba masafa ya gigahezi 2.4 hupenya kuta na kufika mbali, ila kasi yake ni ndogo, na yale ya gigahezi 5 yana kasi lakini ukuta huyashinda mapema. Mwanafunzi aliye chumba kimoja na ruta atumie 5, na aliye mbali atumie 2.4.

Sasa radi, ambayo mgeni kutoka mji mwingine hatawaambia. Tunaishi katika ukanda wa radi nyingi kupita kiasi. Watafiti waliotumia takwimu za setilaiti walichapisha mwaka 2016 orodha ya maeneo yenye radi nyingi duniani: Ziwa Maracaibo la Venezuela lilikuwa la kwanza, na la pili lilikuwa Kabare, mashariki ya Kongo, jirani zetu hawa. Msingoje mvua ianze. Mkisikia ngurumo, chomoeni waya wa umeme na kebo ya antena pia, kwa kuwa umeme wa radi huingia kwa njia zote mbili. Soketi ya kinga husaidia ikiwa nyumba ina waya mzuri wa kupeleka umeme ardhini, na ardhi yetu ya miamba ya volkeno haipitishi umeme kwa urahisi. Mwiteni fundi aupime waya huo, asiuchomeke tu mwambani na kuondoka.

Umeme ukikatika, mtihani wa mtandaoni hausubiri. Ruta nyingi za nyumbani hula wati 10 hivi, kwa hiyo betri ndogo ya volti 12 yaweza kuiendesha kwa saa kadhaa. Someni kibandiko kilicho chini ya ruta kabla ya kuunganisha, maana ruta ya volti 9 ikipewa 12 yaweza kuungua.

Nimeacha usalama hadi hapa kwa kuwa ndipo vijana wengi hulegea. Ruta ina kufuli mbili. Ya kwanza ni neno la siri la Wi-Fi. Ya pili ni neno la siri la kuingia kwenye mipangilio yenyewe, na wengi huiacha kama ilivyotoka kiwandani. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai ilizunguka dunia ikijaribu orodha fupi tu ya maneno ya siri ya kiwandani, yapata 60, na kwa orodha hiyo ikateka kamera na ruta kwa malaki. Mwaka huohuo vifaa vilivyotekwa vilitumiwa kuishambulia kampuni ya simu ya Lonestar huko Liberia, na mtu aliyehusika, Mwingereza Daniel Kaye, alifungwa gerezani mwaka 2019. Wenye vifaa hivyo walilala usingizi wao bila kujua kwamba mali yao inawaumiza watu wa nchi nyingine.

Basi badilisheni yote mawili siku ya kwanza. Neno la Wi-Fi liwe refu: maneno manne au matano yasiyohusiana, ya Kinyarwanda na Kiswahili yakichanganywa. Lisiwe namba ya simu, wala jina la mtoto, wala PIN ya MoMo, pesa zenu za simu. Kwenye mipangilio ya usalama wa Wi-Fi chagueni kinga ya WPA3, au WPA2 kama kifaa ni cha zamani. WEP ilishavunjwa tangu 2001, isitumike kabisa. Zimeni WPS, ile njia ya kuunganisha vifaa bila neno la siri, zimeni ruhusa ya kuiongoza ruta kutoka nje, na wekeni maboresho ya programu yake kila yanapotoka.

Jirani atakuja kuomba mtandao, nasi hatukulelewa kumfungia jirani. Washeni mtandao wa wageni wenye neno lake la siri, mumpe huo, na vifaa vya nyumbani vibaki kwenye ule wa kwanza. Laini imesajiliwa kwa jina lako, na Rwanda ina sheria ya makosa ya mtandao tangu 2018. Ukitokea uhalifu kupitia laini hiyo, utakayeulizwa kwanza ni wewe. Ukarimu na tahadhari hukaa nyumba moja bila ugomvi.

Mwisho, nawaagiza jambo. Katika kila mudugudu, yaani kijiji, wako wazee waliofungiwa ruta na mtu aliyeondoka bila kuwaeleza neno lolote. Jumamosi ya umuganda, kazi hiyo ya pamoja ikiisha, nendeni kwao wawili wawili. Badilisheni neno la kiwandani mbele ya macho yao, na mzee achague lake mwenyewe huku ninyi mmegeuka. Mwonyesheni cha kuchomoa ngurumo zikianza, na mwambieni kwamba yeyote anayeomba PIN kwa simu ni mwizi, hata akijiita nani. Msitoke humo mpaka ayafanye mwenyewe kwa mkono wake.