Je, Kila Ajali Haina Kinga?

Tunapozika mtu aliyekufa ghafla, hatukosi kusikia neno hili: ajali haina kinga. Neno hilo huwafariji wafiwa, wala hatulibezi. Lakini je, ni kweli kila mara?

Huko Oldham, Uingereza, kabla ya mwaka 1842, wachimbaji wa makaa ya mawe waliteremshwa na kupandishwa shimoni kwa kamba iliyovutwa na mashine. Ilikuwa desturi kuwaweka watoto kuendesha mashine hizo, kwani ujira wao ulikuwa mdogo. Mkuu wa polisi wa mji aliwasimulia wachunguzi wa serikali habari za mgodi mmoja ambako mwendeshaji alikuwa mtoto wa miaka 9. Panya alitokea karibu na moto, naye mtoto akageuka kumtazama wakati ule ule wa hatari. Wavulana 3 au 4 wakafa.

Nani mwenye kosa? Mkuu yule alisema ni uzembe wa mtoto. Sisi tuliofundisha watoto, na kuwafunza walimu wao, twajua kwamba mtoto wa miaka 9 akiona panya atamtazama. Huo si uzembe, ni utoto. Mzembe ni mtu mzima aliyeujua utoto huo, naye akamkabidhi mtoto roho za watu ili apunguze gharama. Sheria ya mwaka 1842 ilikataza aliye chini ya miaka 15 kuendesha mashine hizo. Kumbe kinga ilikuwapo!

Wala mambo haya si ya Ulaya peke yake. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba watoto, wengine wa miaka 8 tu, walifanya kazi katika migodi midogo ya dhahabu huko Geita, Kahama na Chunya, wakichimba mashimo na kubeba mifuko ya mawe. Ilhali sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mgodini aliye chini ya miaka 18.

Mtu atauliza: na njaa je? Twakubali, umaskini humpunguzia mzazi lawama. Haumpunguzii mwenye shimo hata chembe.

Nasi wa Magoma, kabla ya kumpandisha mtoto juu ya trekta lenye shehena, au kumtuma shimo la mchanga, tujiulize: akisahau kidogo, kama watoto wasahauvyo, itakuwaje? Ikiwa jibu ni kifo, kazi hiyo si yake. Tukimpa hata hivyo, siku ya mazishi tusiseme ajali haina kinga, wala tusimsingizie Mungu.