Shahada Iliyofika Mtungini

Katika vijiji vya Arusha wapo watu wazima wenye meno ya kahawia tangu utotoni. Huo si uchafu. Ni floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano na kuyeyuka katika maji ya kunywa. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya huko vimevuka kiwango hicho.

Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali, Karatu, alisomea uhandisi wa kemikali hadi shahada ya uzamivu Korea Kusini, akabobea katika nanoteknolojia. Kisha akarudi kufundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, na kubuni chujio linalounganisha mchanga na chembe ndogo mno zinazonasa floraidi, metali nzito na vijidudu. Uzuri wake, na hapa ndipo usomi unapoonekana, ni kwamba chujio huandaliwa kulingana na maji ya mahali husika.

Mwaka 2015 alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, ya kwanza kabisa kutolewa, pamoja na paundi 25,000.

Mzazi, kama mwanao anapenda kemia, tafadhali usimkatishe tamaa. Muulize maji ya nyumbani kwenu yana nini ndani yake.