Makofi ni ya nini?

Je, kumpigia makofi mtu aliyeimba vibaya ni uongo? Swali hili hunijia kila nikikaa kwenye zile jioni za Olmotonyi ambapo watu wanakunywa mvinyo wa ndizi na maiki iko wazi kwa yeyote. Kuna anayepotea njia kwenye ubeti wa pili, na bado watu wanashangilia. Rafiki yangu husema tunamdanganya: kesho ataacha kazi, ajiite msanii.

Mimi naona makofi yana kazi mbili. Kwanza yanalipa uthubutu, maana kusimama mbele ya majirani wanaokujua si mchezo. Hilo ni deni letu sote. Pili yanasifu kazi, na sifa haigawiwi bure. X Plastaz wa hapa Arusha walichanganya rapu na uimbaji wa Kimaasai, kitu ambacho masikio mengi hayakukizoea. Wangezomewa wakanyamaza, tungekosa nini?

Basi tupige makofi. Ila akishuka akauliza, “Vipi, nimetisha?”, tumwambie ukweli. Tukikwepa hapo, ndipo tunapodanganya.