Kunyoosha Mgongo Bure

Shangazi yangu anaishi kambi ya Kiziba, kule Karongi, juu ya mlima unaotazama ziwa Kivu. Kambi ilifunguliwa 1996, na yeye yuko pale tangu mwanzo. Mimi nilikulia mgongoni mwake, halafu nikashuka Kigali kutafuta maisha. Sasa napanga chumba kimoja Kimisagara na kazi yangu ni ya cherehani. Siku moja kwenye simu nikamwambia kwamba kila asubuhi, kabla ya kazi, nafanya siporo ya dakika ishirini ndani ya chumba. Akanyamaza kidogo.

"Mwanangu, unajichokesha bure? Huko Kigali hakuna wa kukutuma maji?"

Tulicheka sote wawili. Lakini lile swali lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Siporo yenyewe si ya kutoa jasho. Zile Jumapili Kigali inapofunga barabara kwa magari, mambo yaliyoanza 2016, naona watu wanapanda vilima mbio, na nawapisha. Yangu ni ya polepole. Natandika kitenge juu ya sementi. Nashika mgongo wa kiti, nakutanisha visigino, vidole vinatazama nje, nakunja magoti taratibu na kuyanyoosha: hiyo ni ya baleti. Kisha napiga magoti, nakalia visigino, nalaza paji la uso chini na kupumua: hiyo ya yoga. Mwisho nasimama, nanyanyua mikono kama pembe za inyambo, vile wanawake wanavyocheza umushagiriro. Mbili za kwanza nilifundishwa na mwenzangu wa cherehani. Hiyo ya tatu sikufundishwa na mtu, niliikuta tu mwilini. Kuruka hakuna, maana ukuta wangu ndio ukuta wa jirani.

Wengine wataniambia baleti ni ya wazungu. Sawa, mfalme Louis XIV wa Ufaransa aliianzishia chuo 1661. Lakini hapa Rwanda Urukerereza, kundi la ngoma za taifa tangu 1974, nalo tunaliita ballet, na hakuna anayeshangaa. Nairobi nako, watoto wa Kibera wanajifunza ile ile ya Ufaransa. Kwa hiyo habari ya nani mwenye nini siigombanii. Swali la shangazi ni gumu kuliko hilo.

Kwa sababu yeye anajua mwili wetu ni wa nini. Ni wa bidoni ya lita ishirini kichwani, wa kuni, wa foleni, wa mtoto mgongoni. Tena umehesabiwa, umechukuliwa alama za vidole, umepimwa mkono kwa ule utepe wa rangi tatu. Anayejinyoosha bure ni yule aliyekwisha kupumzika. Na mimi nampigia simu mtu aliyetoka bombani kumwambia nakunja magoti kwa kupenda! Niliona haya.

Basi nikajitetea. Nikamwambia ni dawa ya mawazo. Na si uongo kwamba inaweza kuwa dawa: Project Air walifundisha yoga hapa hapa Rwanda kwa wanawake waliobakwa wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994 na ambao wanaishi na virusi vya UKIMWI. Hilo naliheshimu sana. Lakini shangazi akauliza, "Kumbe unaumwa?" Nikakosa jibu, maana siumwi.

Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, msichukie. Kwetu kila kitu lazima kiwe na sababu ya kuandikwa kwenye ripoti. Mpira ni wa amani, wimbo ni wa kutibu kiwewe, ushonaji ni wa kipato. Wale wa Jumapili hakuna anayewauliza wanakimbilia matokeo gani. Sisi, hadi tuugue ndipo turuhusiwe?

Nilidhani hapo nimeshinda. Siku nyingine shangazi akasema kile kilichokuwa chini ya swali lake tangu mwanzo. Mwanawe alirudi ng'ambo, upande wa Masisi, na hadi leo hakuna habari wala kaburi. Tangu hapo shangazi hajacheza hata kwenye harusi. "Wewe unanyanyua mikono, na ndugu yako hatujui amelala wapi."

Niliacha siporo. Naelewa mwili kutulia kwa heshima. Kila mwaka, kuanzia tarehe 7 Aprili, wiki nzima ya icyunamo, tunaishi hivyo nchi nzima. Nikakaa mwezi na zaidi. Huzuni haikuongezeka wala haikupungua. Kilichoongezeka ni maumivu ya mgongo juu ya cherehani, na ndugu yangu hakukumbukwa zaidi kwa sababu ya mgongo wangu. Nikajiambia: msiba unanikataza kutangaza furaha, haunikatazi kuuhurumia mwili, na chumba kilichofungwa hakitangazi kitu. Nikaanza tena.

Ila kuna ujanja kidogo humo. Nikinyanyua ile mikono nafurahi kweli, siyo huruma tu. Nafurahi, na yeye hajulikani alipo, asubuhi ile ile, mwilini mule mule. Sijaona namna ya kimoja kukiomba kingine ruhusa.

Mwezi uliopita nilipanda Kiziba. Usiku shangazi akalalamika kiuno. Nikamwonyesha: shika mwimo wa mlango, kutanisha visigino, kunja. Akafanya mara tatu, anacheka kama msichana. Nilipoinua mikono akanishika kiganja, akaishusha.

"Hiyo hapana. Hiyo siku atakaporudi."

Nikaishusha. Alfajiri niliamka nikamkuta mlangoni, ameshika mwimo, anakunja magoti polepole, bidoni mbili tupu ziko pembeni yake.