Nyundo ya Avignon



Jumapili ya Matawi, tarehe 17 Aprili 2011, watu waliingia na nyundo katika jumba la sanaa mjini Avignon, Ufaransa, wakaivunja picha iliyotundikwa ukutani. Ilipigwa mwaka 1987 na Andres Serrano, Mmarekani aliyelelewa katika imani Katoliki. Yaonyesha msalaba mdogo wa plastiki, wenye sanamu ya Bwana wetu, umezamishwa katika mkojo wa mpiga picha mwenyewe. Asiyeambiwa huona mwanga wa dhahabu na wekundu tu. Jina la picha ndilo limfichulialo.

Tusifiche: picha hiyo yatuumiza. Mkristu aubusuye msalaba Ijumaa Kuu hana budi kuumia. Askofu Mkuu wa Avignon alikuwa ameomba iondolewe, na kuomba hivyo ni kazi ya mchungaji. Huko Melbourne, Australia, mwaka 1997, Askofu Mkuu George Pell alikwenda hata mahakamani ili isionyeshwe, akakataliwa. Baada ya siku chache vijana wakaipiga kwa nyundo, maonyesho yakafungwa.

Lakini kuomba ni jambo moja, na nyundo ni jambo jingine. Wale wa Avignon waliharibu na picha ya pili ya msanii huyohuyo: mtawa ameketi, mikono yake imetulia mapajani. Mtawa yule alimkosea nani? Tena, jumba lilipofunguliwa upya, picha zilionyeshwa vilevile zilivyovunjika, na jina la Serrano, ambalo wengi wetu tusingalilisikia kamwe, likaenea duniani.

Siku ile makanisani yalisomwa Mateso ya Bwana kwa Mathayo. Humo mfuasi achomoa upanga kumtetea Bwana, amkata mtumishi sikio, naye Bwana amwamuru aurudishe mahali pake. Twajiuliza kama wenye nyundo walilisikia somo hilo.

Tarehe 23 Juni 2023 Baba Mtakatifu Fransisko, ambaye sasa ni marehemu, aliwapokea wasanii wapatao 200 katika Kikanisa cha Sistina, na Serrano akiwamo. Wapo Wakatoliki walionung'unika. Sisi hatusemi kwamba mapokezi hayo yaliitakasa picha. Baba ampokeaye mwana nyumbani hasifu kila alilolitenda.

Enyi wazazi, picha hii watoto wenu wataikuta katika simu, ambako hakuna askofu wala hakimu wa kuizuia. Watakuja kuuliza kwa nini mtu alifanya hivyo. Msiwafukuze. Ketini nao mbele ya msalaba ulio ukutani mwenu, mkiri kwamba inawauma, kisha mwasimulie jinsi Bwana alivyotemewa mate na askari, na alivyowaombea. Wasimulieni na habari ya yule mtawa.